Majani ya Miombo, Siku Tuliyomngoja Oresto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mvua za kwanza zikiwa bado, wakati miti ya miombo ya kwetu Ufipa inapochipua majani mapya mekundu. Tulikuwa tukikaa mjini, mtaa wa Malangali. Mume wangu Oresto alikuwa ameshuka ziwani, bandari ya Kipili, kutafuta samaki wakavu, akapanda boti kwenda vijiji vya mwambao, na boti haikurudi. Simu za mkononi hazikuwapo. Habari zililetwa na lori, na dereva alisema ziwa limechafuka.

Nikawa nafagia palipokwisha kufagiwa. Binti yangu Ana akaniuliza, "Mama, baba yuko wapi?"

"Yuko mtaa wa Majengo, dukani."

Akaenda kukaa mlangoni, akitazama njia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Chakula cha mchana Ana hakukigusa, wala mdogo wake Deo.

Ndipo mama mkwe akaja na kanga imejaa majani ya miombo. Naye, usisahau, aliyekuwa ziwani ni mwanawe wa kumzaa. Akatandaza magazeti ya zamani mkekani, akawaita watoto.

"Futeni vumbi kwanza. Kila jani lilale peke yake, yakilaliana yataoza."

Wakayapanga, wakayafunika kwa gazeti jingine, na juu yake bibi akaweka jiwe la kusagia ulezi ili yakauke yakiwa yamenyooka. Ana akamgeukia.

"Bibi, baba amezama?"

Nilitaka kumnyamazisha. Mama mkwe akanizuia kwa jicho.

"Hatujui, mjukuu wangu. Upepo ni mkali, na mimi pia naogopa. Tunamwombea, tunangoja."

Akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Ana akalia, mwanangu, akalia sana. Kisha akaomba ugali.

Baadaye jikoni mama mkwe akaniambia taratibu, "Mama Ana, hofu unayomficha mtoto, ataibeba peke yake."

Oresto alifika kesho yake jioni, viganja vimechubuka kwa kupiga kasia. Injini ilikuwa imewafia majini. Ana akamrukia. "Baba, tulikulilia wote, hata bibi!"

Basi, mwanangu, wasiwasi ukiingia nyumbani mwako, usimdanganye mtoto eti unamlinda. Mwambie kwa kiasi anachoweza kubeba, usimwahidi usilolijua, mpe mikono yake kazi, nawe ukae karibu. Hofu haitaondoka, mimi hadi leo upepo ukivuma usiku huamka. Mungu akujalie moyo wa kungojea, na wanao wakuulize lolote bila kukuogopa.