Wawili kwenye Namba Mbili

Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya ukuta wa masanduku ya posta, rundo la barua mkono wa kushoto, akitia kila barua mahali pake kwa mkono wa kulia. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bi Sanduku, na alipostaafu jina halikustaafu naye. Akikutana na mtu sokoni hamkumbuki kwa sura, anamkumbuka kwa namba. "Yule mia tatu na kumi na nne," atasema, "yule aliyekuwa haji kuchukua barua zake mpaka zinafurika." Ukimkumbusha kwamba watu wana majina unajichosha bure.

Mumewe alikuwa seremala, tena kiziwi tangu utotoni. Walijuana dirishani pa posta. Makarani wengine walikuwa wakimpigia kelele, kana kwamba uziwi ni ukaidi. Yeye akampa penseli na karatasi, na tangu siku hiyo seremala akaanza kuja kununua stempu moja moja, kila siku, mtu ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja wa kumwandikia. Mwaka wa pili wakaoana. Bi Sanduku akajifunza lugha ya alama kwa mumewe, na binti yao wa pekee akaijua kabla hajajua kutamka neno. Binti huyo sasa alikuwa mkalimani wa lugha hiyo, mwaka wa kumi na moja katika jiji la mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Ndipo bahati ikabisha hodi. Shirika moja linalowakutanisha wagonjwa viziwi na madaktari kwa video lilitaka mkalimani wa kufanyia kazi nyumbani kwake, popote nyumba ilipo. Sharti lilikuwa moja tu, mtandao usiokatika. Mtu anayesikia, picha ikiganda, huendelea na sauti. Kiziwi picha ikiganda ameachwa njia panda, na huenda daktari alikuwa katikati ya kumweleza dawa aimeze vipi. Majaribio yalipangwa Alhamisi saa nane mchana. Yakienda vizuri, binti anarudi kuishi kwao. Yakienda vibaya, anarudi alikotoka, na Bi Sanduku alikuwa ameshafua mapazia ya chumba chake.

"Mambo ya mtandao niachie mimi," alimwambia binti Jumamosi, hata begi halijafunguliwa. "Wewe jiandae na maneno yako ya kidaktari."

"Mama, si tumwite fundi?"

"Fundi alikuja mwezi uliopita. Alikaa dakika kumi, akabandika vitu viwili ukutani, akaniambia, 'Mama, haya mambo ya vijana, we tumia tu.' Mimi! Nimepanga barua za mji mzima, leo nishindwe na vijisanduku viwili?"

Hakuwa akijigamba bure. Alitafuta kijitabu cha maelezo, miwani na daftari la mraba, akakaa kwenye meza ya sebuleni. Maneno ya mle ndani yalimtisha kwa dakika tano, kisha yakaanza kukaa kichwani. Modemu ndiyo inayoingiza intaneti ndani ya nyumba kutoka nje, akaandika, "lori la posta." Ruta ndiyo inayoipokea na kuigawa, simu hii yake hii, kompyuta ile yake ile, hapo akacheka peke yake, akaandika, "mpanga barua mwenzangu." Waifai ni ruta kugawa bila waya. Neno la siri ni ufunguo wa mlango. Na kila chombo kikiingia hupewa anwani yake, mkururo wa tarakimu unaofanana kwa wote isipokuwa namba ya mwishoni. Ruta yenyewe ilikuwa imejichukulia namba moja. "Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Sanduku namba moja lilikuwa la mkuu wa posta."

Kulikuwa na jambo moja tu lililomchefua. Kijitabu kilisema ruta hugawa namba hizo yenyewe, anayekuja anapewa iliyo wazi. "Anwani inagawiwa kama karanga!" akasonya. Kwake anwani ni kitu cha kudumu. Tena kule posta namba ndogo zilikuwa karibu na mlango, na mpangaji huanzia hapo, kwa hiyo wenye namba ndogo walipata barua zao saa nzima kabla ya wenzao. Basi akafungua kompyuta ya binti, akafuata maelekezo hatua kwa hatua, akaiandikia kwa mkono wake mwenyewe namba mbili, ya kudumu. Mwanawe akae karibu na mlango. Akaandika daftarini, "2, binti," akapiga mstari, akaenda kupika huku kifua mbele.

Jumatatu asubuhi binti alijaribu kuongea kwa video na wenzake wa jijini, na picha ikatiririka vizuri kabisa. Saa saba na nusu ikaganda. Mwenzake alibaki mkono hewani, mdomo wazi. Ikarudi, ikaganda tena, na ilipofika saa tisa ikapona yenyewe. Jumanne mambo yakawa yaleyale. Bi Sanduku akapiga simu kwenye kampuni ya intaneti, wakamwambia azime, asubiri, awashe. Akazima, akasubiri, akawasha. Akapiga tena, wakamuuliza kama alisubiri. Nusura awape maneno ambayo mtu wa rika lake hayasemi.

Binti ndiye aliyeng'amua. "Mama, inaharibika Baba akija kula."

Wakajaribu. Seremala akatoka na simu yake mfukoni mpaka kona ya mtaa, picha ikatulia. Akaingia, ikaganda. Wakamtoa tena, wakamwingiza tena, naye anafuata mikono yao bila kuuliza, mpaka jirani akachungulia dirishani kuona kuna nini.

"Ni simu yake," binti akasema. "Inakula intaneti yote."

Seremala akazitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, akaelewa. Akatoa simu mfukoni, akaizima, akaitia kwenye droo yenye misumari na msasa. Kisha akasema kwa mikono, "Basi. Mkiwa kazini, mimi nitaizima."

Alifanya hivyo bila kununa, na hapo ndipo Bi Sanduku alipoumia. Kabla ya simu ya video, maneno ya mumewe yalifika pale macho ya mtu yanapoishia na si mbele ya hapo. Siku alipoipata alimpigia rafiki yake waliyesoma naye shule ya viziwi, ambaye hawakuwa wameongea naye kwa miaka ishirini. Waliongea saa mbili, na muda wote alikuwa amesimama, furaha imemsahaulisha kukaa. Kumzimia simu mtu huyu ni kumfunga mikono. Na kazi ya binti haikuwa ya Alhamisi tu, ingekuwa ya kila siku, kutwa.

Jumatano asubuhi alimkuta binti anakunja nguo.

"Mama, kama kukaa kwangu hapa ni kumnyamazisha Baba, heri niondoke. Nitawaambia watafute mtu mwingine."

"Subiri kesho ipite, mwanangu."

"Kesho kutabadilika nini?"

Bi Sanduku alirudi sebuleni akajitupa kwenye kiti, akayatazama mapazia aliyoyafua, akahisi hasira ya kuwa mtu mzima halafu hujui la kufanya.

Kisha mazoea ya kazi yakamjia. Posta, barua ikipotea, huanzi kulaumu watu, unaanza na orodha. Ruta nayo ilikuwa na orodha yake, ukurasa ambapo huandika nani imempa namba gani. Hakuwahi kuutazama. Akaufungua kwenye simu yake, na kidole chake kikaanza kushuka polepole. Hata simu iliyozimwa ilikuwemo, maana ruta ilikuwa bado imeishikia nafasi yake.

Namba mbili: simu ya seremala.

Akafungua daftari. Namba mbili: binti.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akavaa, akasoma upya. Wawili kwenye namba mbili! Mwaka wake wa tatu kazini kuna karani alimpa muuza dawa sanduku ambalo tayari lilikuwa la mwalimu mmoja, na hakuwaambia wenzake. Miezi mitatu mwalimu alipokea orodha za dawa za minyoo, na muuza dawa akasoma barua za mchumba wa mwalimu. Hapa napo ni yaleyale. Siku fundi alipofunga ruta, seremala alikuwa amekaa pembeni anatazama, simu yake ikawa ya kwanza kuingia, ikapewa namba ya kwanza iliyokuwa wazi. Tangu hapo kila akirudi ruta humrudishia namba yake ileile. Halafu akaja yeye, Bi Sanduku, akampa binti namba hiyohiyo bila kumwambia mgawaji. Seremala akiwa karakana, namba ni ya binti. Akija kula, wanaigombania. Na ile habari ya karibu na mlango haikuwa na maana yoyote, kwani ruta haitembei kwa miguu.

"Karani mzembe ni mimi," alisema kwa sauti. Alitegemea kuona aibu, lakini mwili wote ulimlegea kwa nafuu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Tatizo halikuwa mumewe. Lilikuwa tarakimu moja tu, na tarakimu hufutika.

Kijitabu kilisema ruta hugawa kuanzia mbili hadi mia moja. Basi akaiandikia kompyuta ya binti mia moja na hamsini, mbali kabisa na mlango, mahali ambapo ruta haigusi. Angeweza kuirudisha igawiwe kama karanga, lakini kuna mambo mtu hawezi kuyameza yote kwa siku moja. Akafungua droo, akaichukua simu kutoka kwenye misumari, akatoka nayo mbiombio mpaka karakana, mtaa wa pili, ndala za bafuni miguuni.

Seremala alikuwa akipiga randa mlango. Alipomwona mkewe anahema akaidondosha randa.

"Si wewe," Bi Sanduku akamwambia kwa mikono, haraka mpaka vidole vinagongana. "Ni mimi. Niliwapa watu wawili sanduku moja."

Seremala akauliza, "Mwalimu na muuza dawa?"

"Mwalimu na muuza dawa."

Hadithi ile alikuwa ameshasimuliwa mara mia. Akaangua kicheko chake kile, kikubwa, ambacho mwenyewe hajui ukubwa wake, mpaka wapita njia wakageuka. Bi Sanduku naye akacheka, na machozi yakamtoka, na hakujishughulisha kuyaficha. Alimtia simu mkononi, akamkunjia vidole juu yake.

Alhamisi saa nane binti aliketi mbele ya kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na daktari, mwanamke mmoja kiziwi, na msimamizi wa shirika aliyekuwa akiandika. Seremala alikuwa kochini, simu imewashwa mapajani, kwa amri ya mkewe. Bi Sanduku alisimama mlangoni pa jikoni ameshika mwiko ambao haukuwa na chungu.

Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Mikono ya mwanamke yule ilikwenda, mikono ya binti ikajibu, na picha haikukwama. Mara simu ya seremala ikamulika. Rafiki yake wa shule alikuwa anapiga, kwa video. Seremala akamtazama mkewe, kidole tayari juu ya kitufe cha kukata.

Bi Sanduku akainua mkono, akaonyesha, "Pokea."

Akapokea. Sebule ikawa na mikono minne inayoongea, miwili ya baba kochini na miwili ya binti mezani, na kwenye kioo cha kompyuta mwanamke yule aliendelea kueleza maumivu yake ya bega bila hata mara moja kukatizwa. Msimamizi aliinua kichwa na kutabasamu.

Kochini rafiki alikuwa na neno lake. "Tangu juzi nakupigia mchana," alisema kwa mikono. "Ulikuwa wapi?"

Seremala akamtazama binti yake, akamtazama mkewe na mwiko wake mlangoni.

"Nipo nyumbani," akajibu. "Sote tupo nyumbani."