Mtori wa Sheba

Sipendi kulisema, ila kwa kuwa nusu yake mmeshaisikia na mmeshanicheka, acha niwamalizie mwenyewe: mie, mwalimu mzima, nilitahayari mbele ya wanakwaya wenzangu kwa sababu ya mbwa.

Sheba wangu mnamjua (Chanika nzima hakuna jike la ulinzi kama yeye, na sibishani na mtu). Mzee mmoja wa Msasani alikubali dume lake limpande, kwa sharti moja tu, daktari wa mifugo ampime kwanza aseme ni mzima. Nami kwa majivuno nikaona binti haendi ukweni amekonda, nikaanza kumpa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama (kwetu Wachaga mtori ni wa mama aliyejifungua, najua, nilisema namtangulizia), kibakuli kikawa sufuria, wiki zikapita, na siku ya kupimwa nikaalika wanakwaya wamsindikize, wakaja wamevaa sare.

Daktari akampandisha Sheba kwenye mizani, akatazama, akamshusha, akapanda yeye mwenyewe kuhakikisha mizani ni nzima.

"Mama, huyu anakula nini?"

Kabla sijajibu Sheba akanijibia, akatapika juu ya viatu vya daktari, ndizi na nyama.

"Na vitunguu umeweka?"

"Kidogo tu, daktari."

"Vitunguu ni sumu kwa mbwa. Na kwa unene huu, akibeba mimba kuzaa kutamshinda. Utampoteza yeye na watoto."

Wanakwaya, waliokuwa wanacheka, wakanigeukia mie. Mzee wa Msasani, aliyekuja kusikia majibu, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, bibi harusi arudi kwao kwanza." Nililia njia nzima, maana ningemuua kwa mapenzi.

Basi kila alfajiri kabla ya shule tukawa tunatembea mie na Sheba hadi barabara kuu na kurudi (hata sketi zangu zikaanza kunipwaya), akapewa dawa ya minyoo, akachanjwa, akapimwa damu, na alipoingia joto tena, yaani kutaka dume, daktari akasema mbwa aliyeandaliwa vizuri hivi hajamwona mwaka huo. Hilo nililitangaza mpaka kanisani.

Dume la mzee likampanda, kazaa saba, wote wazima. Mwenyekiti wa kwaya akaja na hotpoti ya mtori. "Sasa si ameshajifungua?"

Nikaupokea kwa mikono miwili, nikafunga mlango, nikaula wote mwenyewe.