Karatasi ya Majina Siku ya Padri Anthimos

Garufalia alikuwa mtu wa kinyongo, tusifichane. Mama yao alipozikwa, mdogo wake Akindinos alikuwa Athene akichonga marumaru, na hakuja. Alipiga simu tu, eti theluji imefunga barabara. Garufalia akasema mbele ya kaburi, "Kwangu mimi, naye amekufa." Watu husema maneno kama hayo wakiwa na uchungu, kesho yake wakayasahau. Yeye aliyaandika.

Ndiyo, aliyaandika! Kila Jumamosi ya wafu wanawake wa kijiji chao, Mavropetra, hupeleka kanisani ngano ya kuchemsha pamoja na karatasi ya majina ya marehemu wao, padri ayasome. Kwenye karatasi yake, baada ya majina ya mama, Sotiria, na baba, Panayotis, Garufalia akalitia la Akindinos, mtu mzima na afya yake. Kumsomea aliye hai sala ya wafu ni kumtakia kaburi. Hata mtoto wa pale analijua hilo. Lakini padri wa zamani alikuwa kibogoyo, majina yote anayatafuna, hasikiki anasema nini. Ikapita miaka tisa.

Kisha kijiji kikaamua kumjengea sanamu Padri Anthimos, yule wa enzi za Wagiriki kupigania uhuru kwa Waturuki, aliyevua joho akafunga upanga, akapigana na askari wa Sultani hadi akafia darajani na wenzake saba. Na mchongaji aliyeitwa ni nani? Akindinos. Miezi miwili alichonga pale uwanjani, hatua chache tu kutoka mlango wa dada yake. Kila asubuhi anasalimu, "Umeamkaje, dada?" Dada anafunga dirisha.

"Shoga, huyo ni ndugu yako wa tumbo moja," jirani yake Evanthia alimwambia. "Utanuna mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

"Na hujachoka tu? Mimi nimechoka kukutazama!"

Kusema kweli alikwisha kuchoka. Alikuwa akimchungulia nyuma ya pazia, mvi zimejaa vumbi jeupe, anakohoa kama alivyokohoa baba, na moyo unamuuma. Akakusudia kulifuta jina lile. Atalifuta, ila si leo.

Siku ya kufunua sanamu, ngano aliipika yeye, maana hakuna aliyemshinda: sinia zima, na lozi, komamanga, zabibu kavu, juu sukari ya unga. Wazee wakampa na karatasi ya majina ya wale saba, amkabidhi padri. Akaitia mfukoni mwa aproni, ilimokuwamo ile yake ya kila mwaka. Padri alipomnyooshea mkono, alitoa bila kutazama.

Padri mpya, Lukas, ni kijana mwenye sauti ya kengele, na mbele yake kulikuwa na kipaza sauti.

"Uwakumbuke, ee Bwana, watumishi wako waliolala," akaimba. "Sotiria..."

Watu wakatazamana. Sotiria alipigana lini?

"Panayotis. Akindinos..."

Katika kijiji kizima, wafu kwa wazima, jina hilo analo mmoja tu, na alikuwa amesimama kando ya sanamu yake na kofia mkononi. Evanthia alijipiga ishara ya msalaba. Padri akaigeuza karatasi, akaona imechakaa na kuingia mafuta kwenye mikunjo, akaikunja. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani. Garufalia aliomba ardhi ipasuke immeze. Haya zilimpanda mpaka masikio yakawaka. Uovu wake wote, alioupika kimyakimya miaka tisa, ulikuwa umetangazwa uwanjani mbele ya yule mtakatifu wa upanga.

Sala ikaisha, sijui iliishaje. Ngano lazima igawiwe, na mgawaji ni aliyepika. Watu wakapita mmoja mmoja, wanapokea kikaratasi cha ngano, wanasema "Mungu amsamehe" kumwombea marehemu, macho wameyapeleka kando. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Wa mwisho akaja Akindinos. Garufalia aliiona mikono yake tu, uso hakuthubutu.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu maziko ya mama."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Nilitaka kulifuta, Aki. Naapa nilitaka. Nimekosa, sina hata uso wa kukutazamia."

Akachota ngano, akampa. Nusu ikamwagika. Akindinos akajimiminia yote mdomoni, akatafuna polepole.

"Mungu amsamehe Akindinos," akasema. Kisha akakinyoosha tena kile kikaratasi kitupu. "Niongeze, dada. Ya mama sikuila."