Mlango Nilioupiga Teke

Bado naona haya kulisimulia hili. Mimi ni mlezi katika nyumba ya vijana huku Lubaga, na kazi yangu ni kuwafundisha kutuliza hasira. Jumamosi iliyopita mama yake Zaina alikuwa anakuja kutoka Nateete kuamua kama binti yake arudi nyumbani. Zaina ana miaka kumi na sita, na aliletwa kwetu kwa kupigana shuleni. Tangu asubuhi nilikuwa nikizunguka nyumba nikihakikisha kila kitu kiko sawa.

Nikipita nje ya bwalo, nikamsikia Zaina akifoka, "Ulinipiga mbele ya watu! Leo utanisikiliza!" Kisha kiti kikaburutwa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikajua anaumiza mtu. Nikaupiga teke, komeo likang'oka, nikaingia nikinguruma, "Mwachie! Mjinga wewe!"

Zaina alikuwa peke yake, karatasi mkononi, mbele ya kiti kitupu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "nilikuwa najizoeza kuongea na mama."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akilitazama komeo sakafuni.

"Zaina," akauliza, "huyu ndiye anayekufundisha kutuliza hasira?"