Siku Tatu za Kukisafisha Kihisi

Kiwanda chetu kidogo kilikuwa upande wa Talatala. Gesi ya kaboni dioksidi ilitoka yenyewe ardhini, sisi tukaisafisha na kuijaza kwenye mitungi ya watengenezaji wa soda. Kazi yangu ilikuwa kutunza kipimo cha oksijeni. Hewa ikiingia kwenye gesi hata kidogo, soda huharibika ladha, na kipimo kile kiliweza kuona sehemu chache tu katika milioni.

Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, tuliletewa msimamizi kutoka Dar es Salaam. Hakunipenda tangu siku ya kwanza, nami sikujisumbua kumpendeza. Hazikupita wiki nyingi kipimo kikapanda hadi arobaini, wakati mwisho ulioruhusiwa ni thelathini. Lori la mteja lilikuwa likisubiri getini.

"Punguza hiyo," aliniambia.

"Siwezi. Kuna mahali hewa inaingia."

"Si kuna skrubu ya kurekebishia? Izungushe."

"Ile ni ya kulinganishia na gesi ya majaribio. Si ya kudanganyia watu."

Akaniita mjuaji mbele ya wapakiaji. Nilipokwenda stoo kuchukua mtungi wa gesi ya majaribio, alifungua kipimo mwenyewe, akatoa kihisi, kile kidude cha ndani kinachoinusa oksijeni, akakifuta kwa kitambaa kama betri ya tochi. Kihisi kile hakitakiwi kukutana na hewa ya kawaida kabisa. Niliporudi nilimkuta peke yake, kitambaa bado mkononi, na mshale ulikuwa umegonga ukingo.

"Umeiua mashine," alisema, kwa sauti ya kufika getini.

Wakamwamini. Lori liliondoka tupu. Wapakiaji waliokuwa wakinisalimu "ugonile" kila asubuhi wakaanza kunipita kama nguzo. Hata mwendesha kompresa, mtu mzima wa Ikombe niliyemwita baba, aliniambia, "Mwanangu, kiburi chako kitatufungia kiwanda." Nilimchukia siku ile.

Nilipitisha naitrojeni safi kwenye kihisi, taratibu, ili oksijeni iliyokijaa itoke. Siku mbili nilikula wali wangu pale pale kwenye stuli, maana sikutaka mtu akisogelee. Siku ya tatu mshale ukatulia karibu na sifuri. Nikaunganisha gesi ya majaribio iliyoandikwa ishirini. Kipimo kikasoma kumi na tisa, nikazungusha skrubu kidogo kikafika ishirini. Kisha nikaomba kompresa iwashwe, nikarudisha gesi ya kiwanda.

Arobaini na mbili.

Nikachukua povu la sabuni, nikapaka kila kiungo cha bomba. Upande wa kompresa unaonyonya, povu halikuvimba. Lilivutwa ndani, likapotea. Nikamwita baba. Akainama, akapaka tena kwa mkono wake, likapotea tena.

"Gasketi hii ya kuzibia aliifunga msimamizi mwenyewe," alisema polepole. "Nilimshikia spana."

Tuliibadilisha. Kabla ya saa sita mchana kipimo kilisoma kumi na mbili. Msimamizi akaja, akautazama mshale.

"Kazi ya asubuhi moja," alisema. "Imekuchukua siku tatu?"

"Kiulize kitambaa chako."

Wapakiaji walisikia, hakuna aliyecheka. Baba wa Ikombe aliniambia "ndaga", yaani asante, nami nikaitikia kwa kichwa tu. Kesho yake nilifunga kabati la kipimo kwa kufuli. Msimamizi aliponidai ufunguo nilimwambia aandike barua, aeleze anataka kufanya nini humo ndani. Hakuandika. Tulifanya kazi miaka miwili zaidi chini ya paa moja, bila salamu.