Wajaza Viti wa Bwera

Mwaka 2015 Badiru alikuwa na vitu viwili vya kuringia: taksi ya abiria iliyotoka Bwera, mpakani na Kongo, kwenda Kampala, na nyumba ya matofali ya kuchoma huko Kasese, mwisho kabisa wa kiwanja cha ndege. Kiwanja kilikuwa jirani mwema. Hakikupiga kelele, na kililisha mbuzi.

Kisha akaja Anselme, Mkongo mpole mwenye miwani, ametumwa na kampuni ya ndege za bei nafuu. Alishinda kwenye steji ya Bwera, magari yanapopakia, akihesabu abiria kwa kidude kilicholia kama mjusi. Badiru akampelekea chai.

"Musyu, ndege itakuja kweli? Kiwanja yetu iko na mbuzi."

"Mbuzi si kitu, patroni. Kiwanja ya muzuri iko bei, sisi hatutafutake ile. Tunatafuta mahali barabara iko murefu, batu banachoka, na wakubwa wa mji hawatulipishe kutua. Ndege ikikaa chini inakula pesa. Ishushe, ipakie, iende."

"Na mukikosa watu?"

"Basi hatutakuya. Lakini batu bakitosha, kiwanja itaongezwa murefu."

"Upande gani?"

Anselme alipuliza chai. "Upande wa nyumba. Ule ingine iko muto."

Sasa, gari tupu halipandwi. Kila mwenye gari Bwera analijua hilo, ndiyo maana steji ina wajaza viti: watu wanaokaa garini na mabegi ya matambara, nyuso zimekunjwa kwa uchovu wa safari, mpaka abiria wa kweli wapande. Kisha mmoja mmoja hushuka kununua maji na kuhamia gari linalofuata. Ujira wao ni chai na chapati. Shakirah, mkongwe wa kazi hiyo, alikuwa amepanda gari la Kampala mara nyingi kuliko mbunge, na hata Kasese, iliyoko njiani, hakuijua.

Kidude kilimhesabu kila alipopanda.

Badiru alipoling'amua hilo, alimwendea Anselme. Neno moja tu lingeiokoa nyumba yake. Alipofungua kinywa, Zedekia, mkulima wa kahawa kutoka Kyarumba, alikuwa ameweka mguu mmoja mlangoni mwa taksi.

"Hii inatoka saa hii?" Zedekia aliuliza.

"Patroni," Anselme naye akauliza, "hawa bote banasafiri?"

Hakim, mpiga debe, akamsogelea Badiru. "Sema basi, mzee. Abiria anasikia."

"Wote," Badiru alisema. Halafu, kwa mazoea ya kazi, akaongeza: "Tena leo iko wachache."

Zedekia akapanda. Kidude kikalia. Shakirah akachungulia dirishani: "Afadhali ndege ije, hajji. Nayo itataka watu wa kukaa."

Mvua za Septemba zilipoanza, Naswiba alimpigia mumewe Badiru simu kutoka Kasese.

"Baba Ashiraf, kuna wageni wako hapa. Wanauliza kama choo yetu iko na msingi."

Badiru aliwakuta vijana wawili wenye heshima nyingi. Walikuwa wamekunywa maji ya Naswiba na kushukuru. Kigingi cha kwanza kilikuwa tayari kimesimama mbele ya mlango.

"Ndege itakuja lini?" aliwauliza.

"Hatujui kama itakuja, mzee. Hiyo ni mambo ya kampuni. Sisi tuko wa kurefusha kiwanja."

Wakamwomba Naswiba asogeze sufuria. Kigingi cha pili kilitakiwa kusimama jikoni.