Ng'ombe wamesimama kwenye zebra

Jamani, leo ng'ombe wamenifundisha barabara!

Asubuhi niko na pikipiki yangu, napita mtaa wa Misunkumilo. Mbele yangu kundi la ng'ombe likafika kwenye ile zebra mpya ya kuvukia watu, likagoma kabisa. Mchungaji wao, mzee wa Kisukuma, anapiga mluzi, wapi!

Nikapiga honi kwa hasira.

Mara, nyuma ya fuso lililopaki palepale penye kibao cha kukataza, akatokea bibi na mkongojo wake, anavuka taratibu. Ng'ombe wasingegoma, ningemgonga.

Nikazima pikipiki.

Mzee akacheka: "Ng'wanawane, mwanangu, wanaogopa hiyo michoro. Wanadhani mashimo."

Sawa, mashimo. Lakini wamesimama!

Semeni nyie, nani kaheshimu alama hapo?

Maana mimi mwenye leseni nilikuwa napiga honi.